Timu ya Baba

Nikiwa darasa la tatu nilisimama mbele ya darasa zima nikasema baba yangu ana timu ya mpira. Mwalimu alikuwa anatuuliza kazi za wazazi wetu. Wenzangu walishataja mkulima, dereva, nesi, muuza mitumba. Ningeweza kusema fundi cherehani, maana hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake na mpaka leo ndiyo kazi yake, lakini usiku wa jana yake nilimsikia akibishana na baba mdogo pale barazani, anapiga kifua: "Wewe unashabikia tu. Mimi ni mwenye timu." Mwalimu akaniuliza ni timu gani. Nikajibu Yanga. Darasa lilicheka, na mwalimu mwenyewe akalazimika kukaa chini.

Sikuwa nimedanganya. Baba alikuwa na kadi ya uanachama, ya karatasi ngumu, imefubaa kwenye mikunjo. Aliitunza kwenye mfuko wa nailoni pamoja na vyeti vyetu vya kuzaliwa na hati ya mauziano ya kiwanja. Kwa utaratibu wa nyumba yetu, kilichokaa ndani ya mfuko ule kilikuwa mali.

Na kwa karatasi, alikuwa sahihi. Young Africans ilianzishwa tarehe 11 Februari 1935 na haijawahi kuwa ya mtu mmoja. Ni klabu ya wanachama. Jina, rangi, jengo la Jangwani pale makutano ya mtaa wa Twiga na Jangwani, hata Uwanja wa Kaunda ulio kando ya jengo, ambao mvua zikizidi unajaa maji na tope, vyote ni vya wanachama. (Watani wetu wanatuita Matopeni. Siyo kila tusi ni la uongo.) Kwa hiyo mshona suruali wa Mji Mpya, Morogoro, alikuwa na sehemu yake katika vyote hivyo, ikiwamo sehemu yake ya tope.

Kitu ambacho sikukielewa utotoni ni kwa nini timu yenye wenyewe wengi kiasi hicho ilikuwa kila siku inatafuta mwenyewe.

Wakati nasoma sekondari, mwenyewe alikuwa Yusuf Manji. Hakuwa mmiliki, alikuwa mfadhili, na kuanzia mwaka 2012 akawa mwenyekiti, lakini kwetu jina lake lilitajwa kama linavyotajwa jina la ndugu mwenye uwezo aliyeko Dar. Baba hajawahi kuonana naye. Ila mchezaji akisajiliwa, baba alisema "Manji kamleta", kama mtu anayesema mjomba katuma mchele. Timu ilichukua ubingwa wa ligi mara tatu mfululizo, msimu wa 2014/15 mpaka 2016/17, na kwenye tawi lao hakuna aliyeuliza mishahara inatoka mfuko gani.

Agosti 2016 wanachama waliitwa Diamond Jubilee kuamua jambo ambalo mpaka leo nikilieleza darasani watu wanadhani natania: kumkodishia Manji timu pamoja na nembo yake kwa miaka 10. Baba alipanda basi Msamvu alfajiri, akiwa na kadi yake kwenye mfuko wa shati. Alirudi usiku, sauti imekauka.

"Mmekodisha?" mama alimuuliza.

"Tumekodisha."

"Wewe umepewa shilingi ngapi?"

Baba alicheka peke yake. Mama hakuwa anatania. Yeye alikuwa na chumba cha nyuma alichokipangisha, na alijua ukikodisha kitu chako, mwisho wa mwezi kuna mtu anagonga mlango na pesa.

Ule mpango haukufika popote, Baraza la Michezo la Taifa liliuzuia. Mei 2017 Manji akajiuzulu. Hapo ndipo nilipoiona tabia ya ajabu ya wamiliki hawa: walikataa. Katikati ya mwaka 2018 wanachama walikaa mkutano wakaamua kwamba bado ni mwenyekiti wao. Zaidi ya mwaka umepita tangu mtu aandike barua ya kuondoka, kiti chake kinaachwa wazi, kama nyumba inayopakua chakula cha mzee aliyesafiri bila kusema atarudi lini. Baba naye alikuwa wa kundi hilo. "Ana hasira tu," alisema. "Atarudi."

Timu ilimaliza msimu wa 2017/18 ikiwa ya tatu. Mishahara ikawa inachelewa, kisha ikawa haitoki. Wachezaji waligoma mazoezi. Ndipo ukaja msimu wa bakuli.

Kama ulikuwa unafuatilia mpira mwaka 2018 na 2019 unakumbuka. Kocha Mwinyi Zahera, Mkongomani, alisimama mbele kuhamasisha mashabiki waichangie timu yao, kwa simu na mkono kwa mkono. Watani walipata neno la kutosha msimu mzima: Yanga inatembeza bakuli. Walichora vikatuni, walikuja uwanjani na mabakuli ya plastiki. Na katikati ya aibu hiyo likatokea jambo lisiloeleweka. Timu isiyo na mishahara iliongoza ligi. Haikupoteza mchezo wa ligi mpaka Januari 2019, ilipofungwa na Stand United kule Shinyanga. Mwishoni ilishika nafasi ya pili, nyuma ya Simba. Kwa watu wa tawi la baba, miezi ile ilikuwa uthibitisho. Elfu mbili ya fundi cherehani ilikuwa inafunga magoli.

Mimi Januari ile nilikuwa mwaka wa kwanza chuoni na nilikuwa nadaiwa. Mkopo niliopata haukufunika ada yote, ilibaki 260,000, na bila kuilipa nisingefanya mtihani wa muhula wa kwanza. Nilimpigia baba.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mama. Hujambo?" Ananiita mama kwa sababu nina jina la mama yake.

Nilimweleza. Alikaa kimya kidogo, nikasikia kelele za watu nyuma yake, na mtu akisoma majina na viwango vya pesa kwa sauti. Nilijua yuko wapi.

"Nipe siku chache," alisema.

Siku chache zikawa wiki mbili. Pesa ilikuja siku tatu kabla ya dirisha la malipo kufungwa, yote 260,000 kwa mpigo, kutoka kwenye simu ya mama. Nilikaa kwenye ngazi za bweni nikalia, nikampigia mama nikamshukuru mpaka akaniambia niache kumalizia salio. Sikuuliza imetoka wapi. Mama alikuwa na kikoba chake cha Jumatano na nikajijibu mwenyewe: kikoba. Baba sikumpigia.

Machi nilirudi nyumbani likizo. Jioni moja tunakula ugali na mchicha, katibu wa tawi alibisha hodi. Baba aliinuka, akatoa noti ya 5,000 kwenye mfuko wa suruali, akampa pale pale mlangoni. Katibu akaiandika kwenye daftari lake akisimama. Kumbe ilikuwa kila wiki, mdogo wangu aliniambia, elfu tano, elfu tano, na mara nyingine anakuja mapema kabla baba hajamaliza kupokea pesa za wateja.

Nilisema maneno. Sitayaandika yote. Nilimwambia, mgeni akiwa bado mlangoni, kwamba wenye timu wa kweli wako Dar wanakula wali kwa kuku, na yeye huku anawanunulia soda kwa ada ya mwanawe. Nilisema mtu mwenye akili hamiliki deni. Baba aliendelea kushika mlango. Katibu alitazama viatu vyake, kisha akasema "haya, jamani, usiku mwema", akaondoka. Hakuna aliyenijibu. Mama aliondoa sahani yangu kabla sijamaliza.

Tuliendelea kusalimiana, maana shikamoo haina likizo. Ila kwa karibu mwaka mzima mazungumzo yangu na baba hayakuvuka hapo.

Timu ikapata watu. Juni 2019 kulikuwa na harambee kubwa Diamond Jubilee, waliyoiita Kubwa Kuliko. Kisha ikaingia GSM, wachezaji wakaanza kupokelewa uwanja wa ndege kwa vuvuzela. Juni 2021 wanachama walipitisha mabadiliko ya katiba: asilimia 51 za wanachama, 49 za wawekezaji. Julai 2022 wakamchagua rais, Mhandisi Hersi Said, aliyetokea GSM. Ubingwa ukarudi, na ukakaa, kuanzia msimu wa 2021/22 mpaka 2024/25. Mwaka 2023 walifika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, wakalikosa mbele ya USM Alger kwa kanuni ya goli la ugenini. Baba alilia fainali ile. Manji alipofariki Marekani, Juni 2024, alifunga cherehani saa sita mchana akaenda kukaa tawini.

Mimi nikamaliza shahada ya sheria, nikafanya kazi kidogo, nikarudi kusoma uzamili. Mada ya tasnifu yangu ni umiliki wa klabu za wanachama. Nikiulizwa kwa nini nimechagua mada hiyo huwa najibu kwamba ni eneo ambalo halijaandikwa sana, na hilo ni kweli. Msimamizi wangu aliirudisha sura ya pili ikiwa na swali moja pembeni kwa wino mwekundu: "Mmiliki ni nani? Fafanua."

Kisheria halikuwa swali gumu. Mwenye mali anaweza kuitumia, kumzuia mwingine asiitumie, kupata mapato yake, kuiuza, kuirithisha. Nikaichukua kadi ya baba nikaipitisha kwenye vipimo hivyo kimoja kimoja, ikafeli vyote. Hawezi kuiuza. Nikifiwa naye siirithi. Hajawahi kupata gawio, wala sidhani kama analijua neno lenyewe. Haki yake ya wazi ni kunyoosha mkono kwenye mkutano, akipata nauli ya kufika. Hata zile asilimia 51 zinanipa taabu. Simba walitangulia njia hiyo mwaka 2017, Mohammed Dewji akiahidi bilioni 20 kwa asilimia 49, na kanuni za serikali zikataka wanachama wabaki na zilizozidi nusu. Ni ulinzi mzuri. Lakini ulinzi huo hausemi siku mwenye 49 akichoka, mwenye 51 atalipa mishahara kwa kitu gani. Niliandika hivyo, kwa lugha ya heshima zaidi, na nikaona ninahitaji mfano wa wanachama wakiwa peke yao. Nikakumbuka bakuli. Nikakumbuka daftari.

Tawi lipo palepale. Benchi mbili za mbao, bendera, runinga iliyofungiwa ndani ya kizimba cha chuma. Siku niliyokwenda, mwaka 2025, vijana walikuwa wamejaa wakilinganisha mikeka yao ya kubeti, na mechi waliyokuwa wanaitazama ilikuwa ya Uingereza. Katibu ni yuleyule, mstaafu wa reli, macho yameingia ukungu. Nilimsalimia, nikamweleza ninachotafuta. Alinitazama kwa muda.

"Wewe ndiye wa sheria?"

"Ndiyo, mzee."

Alitoa kaunta buku nene kwenye sanduku la chuma. Alilishika kidogo kabla ya kunipa, kama mtu anayefikiria jambo, kisha akalisukuma kwangu.

Baba hakuandikwa kwa jina. Ameandikwa "Fundi". Novemba 2018, Fundi 2,000. Fundi 1,000. Fundi 2,000. Mama ntilie 500. Bodaboda wa kona 3,000. Kijana aliyeandikwa "Chipsi" katoa 10,000 siku moja na hakuonekana tena. Nilikuwa napiga picha kurasa kwa ajili ya kiambatisho cha tasnifu, naenda haraka, mpaka nikafika wiki ya mwisho ya Januari 2019. Mstari huo ulikuwa upande wa kutoa, ambao karibu wote ulikuwa mtupu.

"Fundi. 160,000. Ada ya binti. Atarudisha."

Chini yake sahihi tano na alama moja ya dole gumba. Na chini ya hapo salio: 31,500.

Nilisoma mara mbili, na nilichokifanya mwanzo kilikuwa kuficha ukurasa kwa mkono, kama kuna mtu angeuona. Katibu alikuwa anatazama mpira.

"Tulikaa mpaka saa nne usiku," alisema bila kugeuka. "Wawili walikataa. Walisema hela ni ya timu."

"Walikuwa sahihi," nilisema.

"Walikuwa sahihi."

Nikamuuliza kwa nini hakunijibu usiku ule wa mlangoni. Alisema halikuwa deni lake kulitangaza. Halafu, kama nyongeza, alisema watani wangejua kwamba tawi limekula hela ya bakuli wasingelala mpaka wamechora.

Kuanzia Februari mistari inaendelea: Fundi 5,000, Fundi 5,000, wiki kwa wiki, kuna wiki ya 3,000, kuna wiki mbili zimerukwa. Nilijumlisha kwa simu mpaka mwisho wa msimu.  Nikamuuliza katibu ipi ilikuwa ya deni na ipi mchango.

"Hatukutenganisha."

"Na hela ikatumwa Dar?"

"Ilitumwa. Juni, kabla ya harambee."

Miezi mitano baadaye, yaani. Nimejaribu kuliandika tukio hili kwa lugha ya sura ya tatu, na kwa lugha hiyo halina jina lingine: fedha zilizokusanywa kwa kusudi moja zikatumika kwa kusudi jingine, bila idhini ya waliochanga wote, na mkopeshwaji ni mmoja wa wanachama. Ningelikuta kwenye klabu nyingine ningeliweka kwenye kichwa cha ubadhirifu na nisingefikiria mara mbili. Nimesoma pia habari za wachezaji wa msimu ule, malimbikizo yao, waliogoma, walioondoka. Najua hesabu haiendi moja kwa moja, kwamba 160,000 ya Morogoro haikuwa mshahara wa mtu fulani aliyekuwa anaisubiri Januari. Lakini nilipokuwa naandika jibu la kwanza kwenye mtihani ule, kuna mahali timu ilikuwa na upungufu wa kiasi hicho, na mimi ndiye niliyekuwa nacho.

Halafu kuna upande mwingine, ambao unanisumbua zaidi kama mwanasheria. Nimesema kadi ya baba ilifeli vipimo vyote. Kipimo kimoja nilikisahau. Watu sita, wawili wakipinga, walikaa mpaka saa nne usiku wakajadili kitu kilichokuwa mikononi mwao, wakaamua, wakaweka sahihi na dole gumba, na wakakubali kubeba lawama. Katika nyaraka zote nilizosoma kuhusu klabu hizi, katiba, kanuni, taarifa za mikutano, ule ukurasa ndio pekee ambapo nimeona wanachama wakifanya kitu anachofanya mwenye mali. Na walichofanya kilikuwa kosa.

Nyumbani nilimkuta mama anachambua mchele.

"Mama, ile ada ya mwaka wa kwanza. Kikoba chako kilitoa ngapi?"

"Laki moja." Hakuinua kichwa.

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Uliniuliza?"

Baba alikuwa barazani kwenye cherehani, anapindisha suruali za sare za shule, rundo zima, maana shule zilikuwa zinakaribia kufunguliwa. Nilimwamkia, nikavuta kigoda. Nilikuwa nimejiandalia maneno ya kuomba radhi tangu tawini, lakini yalipofika kooni yalikuwa mengi na yote yalianza na yale niliyosema mlangoni, nikaona nitamlazimisha ayasikie tena. Nikamwambia tu kwamba nimeliona daftari.

Mguu wake ulisimama kwenye kanyagio. Kisha ukaendelea.

"Utaliandika kwenye kitabu chako?"

"Sijui, baba. Nikiliandika, nitalazimika kusema lilikuwa kosa."

"Lilikuwa kosa," alisema. Alikata uzi kwa meno, akageuza suruali, akaanza mguu wa pili. Nilimsaidia kutenganisha zilizokwisha na zisizokwisha. Tulifika kama ya nane au ya tisa ndipo akazungumza tena.

"Ukiandika, andika tulirudisha. Na tarehe uweke."

Nikamwambia daftari halioneshi tarehe ya kumaliza, hawakutenganisha deni na mchango.

Alifikiri, sindano ikiwa juu ya kitambaa.

"Basi andika tulirudisha."